Kuagana kwa Macho Makavu

Mtaani walimwita Mama Ustawi, na si kwa mapenzi. Akitokea kwenye kona na mkoba wake mweusi, wanaofua huacha kufua, anayemfokea mwanawe hushusha sauti ghafla utadhani anambembeleza, na mlevi wa mchana hukumbuka kuvaa shati. "Leo kaja kwa nani?" huulizana. Kazi ya afisa ustawi wa jamii ndiyo hiyo: ukiifanya vizuri hakuna wa kukushukuru, ukikosea utasimuliwa mpaka harusini. Mwenyewe alishazoea. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye ulimi mwepesi na machozi mazito, na aliamini mambo mawili bila kuyumba: kwamba mtoto kwanza awe salama, na kwamba mahali pa mtoto ni kwa mama yake, ila ikishindikana kabisa. Tabu ni kwamba kuna siku mambo hayo mawili hayapikiki chungu kimoja.

Kwa Kidoti hayakupikika. Kidoti ni mtoto wa kike, wakati huo hajaanza hata shule, na jina hilo alipewa kwa alama nyeusi iliyokaa shavuni kama mtu kaitia kwa kalamu. Mama yake alikuwa akisafisha ofisi za watu alfajiri, kabla wenye ofisi hawajafika. Baba hakuwepo, na habari zake tuziache hukohuko aliko. Kwa kuwa hakuna wa kumwachia mtoto, mama alimfungia ndani amelala, kufuli kwa nje, akaenda na kurudi kabla hajaamka. Siku zote alirudi kabla hajaamka. Siku moja akachelewa, na kwenye jiko alikuwa ameacha sufuria ya maharage juu ya moto mdogo. Maji yakakauka, maharage yakaungua, moshi ukajaa chumba. Majirani walivunja kufuli kwa nyundo wakamtoa mtoto akikohoa, kucha zimevunjika kwa kukwaruza mlango.

Hapo hakuna cha kujadili, jamani. Mama Ustawi alimchukua mtoto siku ileile, akampeleka kwa walezi walioandikishwa: mwanamke fundi cherehani na mumewe, watu wapole ambao Mungu hakuwajalia mtoto. Kisha akarudi kwa mama mtu, akamkuta ameketi sakafuni kwenye chumba kinachonuka moshi, ameishika ile kufuli iliyovunjwa.

"Mama Kidoti," alimwambia, "sikuja kukunyang'anya mtoto. Nimekuja tumtengenezee njia ya kurudi."

Na alimaanisha. Wakakaa wote wawili sakafuni wakapanga. Atafute kazi ya mchana. Apate mtu mzima wa kukaa na mtoto. Ahudhurie masomo ya malezi. Kila wiki aje ofisini kumwona mwanawe, afisa akiwepo. Mama Kidoti alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya hospitali. Akayafanya yote. Alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, akamwita mdogo wake aje kuishi naye, na kwenye masomo ya malezi alikaa mstari wa mbele, akijibu maswali hata ya wenzake mpaka mwalimu akamwomba awape nao nafasi.

Sasa nieleze chumba cha kuonana, maana yote yalitokea hapo. Ni chumba cha mwisho kwenye korido ya ofisi ya ustawi, kina zulia lililochakaa katikati, viti vya plastiki, na sanduku la vinyago ambavyo kila kimoja kina kilema chake: gari lisilo na tairi, mwanasesere mwenye jicho moja. Mzazi na mtoto hukaa kwenye zulia. Afisa hukaa pembeni na karatasi zake, akijifanya hayupo. Hutazama mengi, lakini ukiwakuta maafisa wenyewe kwa wenyewe watakwambia jambo kubwa ni mlango: mtoto anavyoingia, na mtoto anavyotoka. Pale katikati mtu anaweza kuigiza mapenzi, asuke nywele, aimbe, abusu. Mlangoni kuigiza kunashindikana. Mama Ustawi alifundishwa hivyo ujanani, na vijana waliokuja nyuma yake aliwafundisha hivyohivyo.

Mwanzoni, mlangoni palikuwa msiba. Muda ukiisha Kidoti alijibana kwenye sketi ya mama yake kwa mikono na miguu, akapiga kelele mpaka sauti inakauka, mama naye analia, na mlinzi wa getini, mwanaume mzima na sharubu zake, anajidai kuna vumbi. Ilibidi wamng'oe kidole kimoja kimoja. Akirudi kwa walezi hali, halali, anakojoa kitandani. Fundi cherehani alilalamika kwa upole, kwamba mtoto akitoka kumwona mama yake anaumwa wiki nzima. Mkuu wa ofisi, kijana mwenye shahada mbili na haraka nyingi, akasema labda siku za kuonana zipunguzwe.

Mama Ustawi hakutaka zipunguzwe. Ndipo, kwa nia njema kabisa, akamvuta mama mtu pembeni kwenye korido.

"Mama Kidoti, kilio hiki kinakuponza. Wakubwa wameanza kusema mwonane mara chache. Jitahidini muagane kwa utulivu."

"Yaani asilie?"

"Mtulize tu. Wewe si ndiye mama yake."

Mama Kidoti alimtazama kidogo. "Sawa, dada. Hatalia."

Mama Ustawi akashukuru, simu ikaita, akaenda zake, na maneno yale akayasahau. Ushauri wa kwenye korido ndivyo ulivyo. Anayeutoa husahau kabla hajafika mezani kwake.

Kilio kikaisha. Kwanza kilipungua, kisha kikakatika kabisa, na kila mtu akashusha pumzi. Kidoti akawa anakuja, anaamkia, anacheza, anasukwa nywele huku mama akimwinamia sikioni, na Mama Ustawi anaandika: mama anamsuka mtoto, wametulia. Muda ukiisha mtoto anarudisha vinyago sandukuni, anatoa mkono, "Kwaheri, mama," anatoka. Hageuki. Mama anabaki kwenye zulia ametabasamu, tabasamu limemganda usoni.

Miezi ikapita hivyo, Mama Ustawi akaanza kuingiwa na baridi moyoni. Mtoto anayempenda mama yake huaga hivi? Kwa walezi anakula, amenenepa, anaitika, na fundi cherehani anamwita mama. Sheria nayo haimruhusu mtoto kuning'inia milele. Haiwezekani mtoto akae stendi maisha yake yote akisubiri gari ambalo halijulikani kama litakuja. Shauri lilipaswa kufungwa: ama arudi kwao, ama akabidhiwe walezi moja kwa moja, awe wao. Siku ya kwenda mbele ya hakimu ikapangwa, na hakimu angesikiliza zaidi taarifa ya afisa.

Mama Ustawi aliandika na kufuta, akafuta na kuandika. Mwisho akaandika kwamba mazingira ya mama yametengemaa, ila uhusiano wake na mtoto umepoa, na kumng'oa mtoto mahali alipokwisha kushika mizizi ni kumwumiza mara ya pili. Akapendekeza abaki kwa walezi. Mkuu aliisoma amesimama, akasema taarifa nzuri sana, ina ushahidi.

Tusimwonee: mwoga hakuwa. Hakutaka mama mtu aje kuyasikia mahakamani kama mgeni. Alimfuata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mvuke umejaa, mashine zinanguruma, akamkuta analisha mashuka kwenye mashine ya kunyooshea. Akamwambia hapohapo.

Mama Kidoti hakuacha kazi. "Nimekosea wapi, dada? Kila mlichonituma nimefanya."

"Umefanya. Sikatai. Si wewe, ni mtoto. Amepoa kwako. Anatoka pale hata hageuki."

"Hageuki," alirudia mama mtu, taratibu. "Ndiyo, hageuki. Mtoto msikivu."

Akavuta shuka jingine, akampa mgongo. Mama Ustawi alisubiri aseme neno, alie, atukane hata kidogo. Mashuka yakaendelea kupita mashineni. Njiani akajisemea kwamba kumbe hata mama mwenyewe amepoa, na hilo likamtuliza kidogo. Masikini, mtu akitafuta cha kumtuliza hakosi.

Ikabaki siku moja ya kuonana kabla ya mahakama. Wakaonana, mtoto akasukwa, wakaagana, macho makavu. Mama akatoka kwa mlango wa mbele. Kidoti akaketi kwenye benchi la korido kumsubiri fundi cherehani aje kumchukua, na Mama Ustawi akabaki chumbani kupanga viti, mlango ukiwa wazi nusu.

Kwenye benchi hilohilo kulikuwa na mtoto mwingine, wa familia nyingine, mdogo kuliko Kidoti, ametoka kuachwa na mama yake wakati huohuo. Analia kilio kile cha kukata maini. Mama Ustawi alikuwa anakwenda kumnyamazisha aliposikia sauti ya Kidoti.

"Nyamaza wewe. Hapa hawalii."

Mtoto akazidi.

"Nakwambia nyamaza! Ukilia watakupunguzia mama. Angalia mimi. Unang'ata hapa, ndani ya shavu. Ng'ata sana. Halafu unaenda mpaka mlangoni. Usigeuke, ukigeuka yanatoka."

"Mama yangu..." alisema yule mdogo.

"Utalia nyumbani. Mimi nalia chooni. Nafungulia bomba, nalia, namaliza, nanawa."

Mama Ustawi alikaa. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa cha mtoto, akakikalia hichohicho, magoti yakamfika kifuani. Miaka yote ya kazi hii alikuwa ameona watoto waliochomwa, waliopigwa, waliolala njaa, na hakuna lililompiga kama lile la bomba. Kisha akatoka koridoni, akachutama mbele ya benchi.

"Kidoti, mwanangu. Nani kakwambia ukilia tutakupunguzia mama?"

Mtoto akaruka kama aliyefumaniwa anaiba. Akajifuta uso kwa mikono miwili, uso ambao haukuwa na chozi hata moja.

"Mimi sijalia! Mama Ustawi, mimi sijalia, ni huyu!"

"Najua hujalia. Nani kakwambia?"

Kidoti akamtazama kwa mshangao, vile watoto wanavyomtazama mtu mzima anayeuliza jambo analolijua. "Mama. Kasema wewe ndiye uliyesema."

Yale maneno ya korido yakamrudia yote, mpaka na mlio wa simu iliyomwita. Ewe Mola. Akabaki amechutama, mtoto mdogo analia kulia kwake, na huyu mwingine kushoto kwake ananyamaza vizuri kabisa.

Jioni ileile alibisha hodi kwa mama Kidoti. Mdogo mtu ndiye aliyefungua, akaona ni nani, akajisogeza bila kusema karibu. Mama Kidoti alikuwa anakunja nguo, hakuinuka.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Ustawi aliuliza, na palepale akajiona mjinga.

"Nikwambie nini? Kwamba namfundisha mtoto?" Mama Kidoti aliweka nguo chini. "Si mlinisainisha sharti la kwanza kabisa, mzazi asimfundishe mtoto la kusema wala la kufanya mbele ya afisa? Nikifungua mdomo nimejitia kitanzi. Nikinyamaza nimejitia kitanzi. Nikachagua cha kimya."

"Mlikuwa mnaongea lini? Mimi nipo pale muda wote."

"Namsuka, dada. Namsuka namnong'oneza. Usilie leo. Ukilia leo wiki ijayo hatuonani. Ng'ata shavu, mwanangu. Wewe upo pale unaandika." Sauti ikamvunjika, akaikaza tena kwa hasira. "Siku ya kwanza aliyoweza alitoka na damu mdomoni. Uliandika nini siku hiyo? Mtoto ametulia? Hebu niambie sasa, maana mimi sikusoma. Mtoto akilia ni kosa. Asipolia ni kosa. Alie nusu?"

Mdogo mtu akasema, "Dada, basi," lakini hakuna aliyemsikiliza.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Mama Ustawi hakutafuta la kujitetea. Alisema, "Kosa ni langu." Mama Kidoti akamjibu kwamba kosa ni lake afisa lakini mtoto ni wa kwake yeye, na mwenye kukosa mtoto ni yeye. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Hakumkaribisha kiti, naye hakukingoja.

Kesho yake mkuu aliposikia alishika kichwa. Taarifa imeshapelekwa. Afisa mzima asimame mbele ya hakimu aikane kazi yake mwenyewe? "Utaonekana hujui kazi," alimwambia. "Na ofisi nzima itaonekana hivyo."

"Basi tuonekane," alisema Mama Ustawi. "Mtoto anang'ata shavu lake, mkuu. Sisi tunang'ata nini?"

Mahakama ya watoto ni chumba kidogo tu, meza ndefu na feni isiyozunguka. Hakimu alikuwa mwanamke mkavu mwenye miwani ya mnyororo shingoni. Mama Kidoti na mdogo wake upande huu, fundi cherehani na mumewe upande ule, nguo za kutokea, mikono mapajani. Mama Ustawi akasimama akaeleza, bila kujipamba: kwamba alitaka kilio kiishe, kikaisha, kisha akauchukua ule ukimya alioutengeneza mwenyewe akauita ushahidi. Hakimu alivua miwani.

"Na hilo la bomba," aliuliza, "umelisikia kwa mtoto peke yake?"

Kabla hajajibu, fundi cherehani akainua mkono kama yuko darasani. Kila mtu mle ndani alijua anachokitaka mama huyu. Alikuwa ameshashona sare ya shule ya Kidoti, imening'inia nyumbani kwake, na siku hiyo alikuja kuambiwa mtoto ni wake. Mumewe akamgusa kiwiko. Yeye akasimama.

"Mheshimiwa, bomba nalisikia," alisema. "Kila akitoka kuonana na mama yake, anaingia chooni, bomba linafunguka muda mrefu. Mimi nilidhani anapenda kuchezea maji. Nikawa namgombeza, maji yanaisha." Akamgeukia Mama Kidoti. "Nilikuwa namgombeza, mheshimiwa."

Akakaa, akajifunika uso na ncha ya mtandio. Mama Kidoti alimtazama yule mwanamke kwa muda, halafu akainama chini. Hakimu akaandika, akauliza kuhusu kazi ya mchana, akamhoji mdogo mtu kuhusu kukaa na mtoto, akaamuru mtoto arudishwe kwa mama yake, na afisa aendelee kuwatembelea mpaka atakapoamriwa vingine.

Kwa walezi, siku ya kuondoka, waliolia ni wakubwa. Fundi cherehani alilia, mumewe alilia akiwa amegeukia ukuta, na Kidoti akatoa mkono. "Kwaheri, mama." Akapanda gari akakaa wima. Mama Ustawi alimwambia njia nzima kwamba sasa ruhusa, mtoto akitaka kulia analia tu, hakuna wa kumpunguzia kitu. Kidoti akaitika, "Ndiyo," kwa adabu, vile alivyoitika kila kitu.

Chumba cha mama yake kilikuwa kimepakwa chokaa. Mlango ulikuwa mpya, komeo lake ndani. Mama alimpokea mlangoni akamkumbatia, mtoto akakumbatiwa. Mama mdogo akaleta chai, wakanywa wote, maneno machache. Mama Ustawi alimaliza yake akaaga, akatoka uani, na mama mdogo akatoka naye kumsindikiza. Walikuwa bado wanaulizana ziara ijayo ni lini waliposikia kikombe kinaanguka ndani, kinavunjika.

Ukapita muda wa mtu kuvuta pumzi. Kisha mtoto akalia. Hakikuwa kilio cha kikombe, hata mpita njia angejua. Kilitoka chini kabisa, kikapanda, kikajaa ua mzima, jirani akachungulia dirishani. Na ghafla kikakatika.

Kazi ilishamfundisha Mama Ustawi kwamba kilio kinachokatika ghafla ni kibaya kuliko kilio. Aliacha mkoba chini akakimbilia ndani.

Mama Kidoti alikuwa amepiga magoti katikati ya vigae vya kikombe, amempakata mwanawe, kiganja kimemziba mtoto mdomo. Machozi ya Kidoti yalikuwa yakishuka juu ya vidole vya mama yake. Mama hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anatazama mlango.

"Hajalia," alisema. "Dada, hajalia. Ni kikombe tu."

"Toa mkono, mama Kidoti. Mwache alie."

"Ndiyo, dada," alisema, na mkono haukutoka. Alitaka kuutoa, ilionekana anataka, ule mkono haukumtii. Mama Ustawi akapiga hatua moja mbele na mkono ukakaza zaidi, na mtoto mwenyewe, juu ya kiganja, akawa anamtazama afisa kwa macho yaleyale ya mama yake.

Akarudi nyuma. Hakuna neno alilokuwa nalo ambalo lingefaa kutoka kinywani mwake, maana neno lake ndilo lililouweka mkono ule pale. Akatoka uani, akafunga mlango, akaokota mkoba. Akamwambia mama mdogo kwamba asiulize tena ziara ijayo ni lini, akitaka kuja atatuma salamu kwanza. Kisha akaenda.

Alikuwa ameshafika barabara kubwa aliposikia kilio cha mtoto kikipanda tena, na cha mama yake nacho kikafuata.